Daraja au zebra: kituo cha mwendokasi kiingiweje?

Kila anapogongwa mtu akivuka Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam kwenda kituo cha mabasi ya mwendokasi, hoja ni ile ile: jengeni daraja la waenda kwa miguu kila kituo, watu waache kupishana na magari. Wengine hujibu kwamba madaraja ni ghali na hayapandwi. Mimi naegemea upande wa zebra, ila si kwa kila kituo, na si kwa sababu ya gharama.

Dar haina treni ya chini ya ardhi. Tuna mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, na ni umbo la vituo vyake linalozaa ubishi huu. Kituo kimekaa katikati ya barabara. Jukwaa limeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi, na linahudumia pande zote mbili, ndiyo maana mabasi yale yana milango upande wa kulia. Abiria wa kwenda mjini na wa kurudi Kimara wote hukata nusu ya barabara: kwanza njia za magari ya kawaida, kisha njia ya mabasi yenyewe, ndipo walifikie dirisha la tiketi. Kwenye miji yenye metro, yaani treni hiyo ya chini ya ardhi, kuvuka barabara na kuingia kituoni vimefanywa kazi moja. Ngazi za kushukia hufunguliwa kwenye pembe kadhaa za makutano, unashukia upande ulioko, na ukumbi wa chini unakuvusha barabara bila hata kufikiria kwamba umevuka. Kwetu mlango wa kituo unaanzia ukingoni mwa lami. Geti ni hatua ya mwisho tu.

Wanaotaka madaraja wana hoja nzito. Dereva wa Dar husimama kwenye zebra akimwona trafiki. Asipomwona, anayevuka anategemea huruma. Bodaboda nazo zimeigeuza njia ya mabasi kuwa njia ya mkato, tena wakati mwingine zikija upande usiotazamiwa, kwa hiyo hata aliyetazama vizuri anaweza kushtukizwa. Ukiweka taa za kuvukia kila kituo, basi nalo linasimama kila taa, na hapo ule muda ambao abiria amelipia kuuokoa unayeyuka. Daraja linamaliza yote hayo kwa mpigo: juu watu, chini magari, hakuna anayemsubiri mwenzake. Ubungo na Kimara, ambako umati ni mkubwa na barabara ni pana, sioni mtu mwenye akili timamu akipendekeza zebra tupu.

Lakini chukua kalamu upige hesabu. Ili lori refu lipite chini, sakafu ya daraja inahitaji kuwa juu kiasi cha mita tano na nusu. Mteremko ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuupanda bila kusukumwa hupanda mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Hiyo ni mita 66 za kupanda, na nyingine 66 za kushuka hadi kituoni. Mita 132, ukiacha sehemu tambarare za kupumzikia, ili mtu avuke upana wa mita kumi na kitu! Asiye na kiti cha magurudumu atapewa ngazi, sawa. Ila mpe ngazi hizo mama anayetoka Kariakoo na robota la mitumba kichwani na mtoto mgongoni, saa nane mchana mwezi wa Februari, uone kama hatatazama chini kwanza kupima kama kuna upenyo. Kijana hatapima hata kidogo. Atapita chini ya daraja. Uzio utawekwa, uzio utakatwa, na atakayegongwa pale ataambiwa kosa ni lake kwa kuwa daraja lilikuwapo. Hapo ndipo hoja ya usalama inaponipa shaka: daraja linamlinda anayelipanda, na dereva aliyezoea kwamba watu wako juu hana tena sababu ya kupunguza mwendo kwa ajili ya yule aliye chini.

Watasema: wekeni lifti. Vizuri, na nani ataitunza? New York, ambayo treni yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1904 kwa ngazi nyingi na lifti chache, ilikubali mwaka 2022 kuvifanya karibu vituo vyake vyote vifikike na walemavu, na tarehe ya mwisho waliyojipa ni 2055. Huo ni mji wenye pesa. Sisi tumeona hata mashine za kukagua tiketi zikikaa zimelala huku mhudumu akichana karatasi kwa mkono. Lifti ya kituoni ikifa, mwenye magongo hana mhudumu wa kumchania ngazi.

Je, njia ya chini? Kwa hesabu ile ile ina nafuu, maana binadamu ni mfupi kuliko lori. Ukishuka mita tatu na ushee unapita. Tatizo ni maji. Mafuriko ya Mto Msimbazi yamesimamisha mabasi pale Jangwani mara kadhaa, na karakana ya mabasi hayo imewahi kujaa maji. Si aibu yetu peke yetu, kwani Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilimimina maji ya bahari kwenye vituo vya New York. Bangkok, mji wa mafuriko kuliko wetu, walipofungua metro yao mwaka 2004 waliijengea milango ambayo unapanda ngazi kidogo kutoka barabarani kabla ya kuanza kushuka, ili maji ya mtaani yasiingie. Ujanja mzuri, ila umemwongezea ngazi yule yule aliyekuwa akilalamikia ngazi. Bado sijataja taa za njia hiyo saa nne usiku na nani atakuwa amejibanza kwenye kona.

Kuna jambo ambalo ubishi wa daraja na zebra unalifunika, na kwangu ndilo kubwa zaidi: mlango wa kituo ni mwembamba. Vituo vyetu vingi vina upande mmoja wa kuingilia, watu wakipita kwenye mageti machache. Aliyepanga hivyo hakuwa mjinga. Mlango mmoja unahitaji dirisha moja la tiketi na mlinzi mmoja, na wanaotaka kupita bila kulipa hawana pa kupenyea. Ukifungua wa pili, gharama ya watumishi inakaribia kuwa mara mbili. Nalielewa hilo. Lakini saa kumi na moja jioni foleni ya tiketi hutoka nje ya kituo na kurudi hadi kwenye zebra, na hapo anayevuka hana pa kuweka mguu. Anasimama kwenye njia ya mabasi. Ajali ya namna hiyo itaandikwa ni ya barabarani, wakati chanzo chake kiko getini. Daraja halitaiponya foleni hiyo. Litaipandisha juu, kwenye ngazi.

Na foleni kwenye ngazi ina historia mbaya. Machi 3, 1943, katika kituo cha Bethnal Green jijini London, watu waliokuwa wakikimbilia chini kujikinga na mabomu waliangukiana kwenye ngazi za mlango wa pekee. Ngazi zilikuwa na giza, zimeloa, hazina chuma cha kushikia katikati. Mmoja aliteleza, wa nyuma hawakujua, wakaendelea kuja. Walikufa 173, na hakuna bomu lililoangukia hapo. Anayechora daraja la kushukia kwenye mlango mmoja wa kituo cha Dar aifikirie jioni ya mvua, umati umetoka kazini, na basi moja tu limetokea baada ya nusu saa.

Uzuri wa mlango nao una watetezi wake, wala siwabezi. Paris ilimpa msanifu majengo Hector Guimard kazi ya kubuni milango ya metro yake mwaka 1900, akatengeneza milango ya chuma iliyojikunja kama mimea. Mingi ilibomolewa baadaye na iliyobaki leo inalindwa kama mali ya taifa. Stesheni yetu ya reli ya kisasa, SGR, yenye paa la umbo la tanzanite inapigwa picha kila siku, na acha ipigwe. Ila kituo cha Magomeni hakihitaji tanzanite. Kinahitaji jina linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, kabla hujavuka, pamoja na kibao cha kukuambia basi la Kivukoni linasimama mlango upi. London wamekuwa wakitumia duara jekundu lenye mstari wa bluu tangu 1908, na mgeni huliona kutoka mbali bila kumuuliza mtu.

Machinga? Waachwe, ila upande mmoja. Mwanga wa taa zao usiku ni ulinzi tusioulipia.

Kwa hiyo Ubungo na Kimara daraja libaki, na liezekwe. Usalama, Mwembechai, Manzese na vituo vya aina hiyo ningevipa zebra iliyoinuliwa kama tuta, ili gari lipunguze mwendo dereva atake asitake, na taa ya kubonyeza kwenye njia ya mabasi. Anayesema tuta litaleta foleni ya magari anasema kweli. Barabara ya Morogoro itachelewa kidogo, na wenye magari watapiga kelele redioni asubuhi. Pesa iliyookolewa kwa kutojenga daraja ningeitumia kufungua mlango wa pili kwenye ncha nyingine ya jukwaa, wa kutokea tu kwa kuanzia, usiohitaji dirisha la tiketi, na mlinzi wake akiwa mmoja.