Programu ya matumizi ianzie kwa dereva

Biashara ikiwa na watu watano, mwenyewe hujua nani kachukua pesa za mafuta na nani kalipa wapakiaji. Ikikua, ikawa na magari barabarani, duka Nakuru na ghala Mombasa Road, mhasibu hujikuta mwisho wa mwezi akikesha na picha za risiti alizotumiwa kwa WhatsApp, nusu yake hazisomeki. Hapo ndipo wauzaji wa programu za kusimamia matumizi hubisha hodi, na hapo ndipo wakurugenzi wengi wa Kenya, kwa maoni yangu, huchagua vibaya. Wanaonyeshwa grafu za kupendeza ukutani, wanatia sahihi, na yule atakayeitumia programu kila siku hajaulizwa neno.

Naamini uamuzi huu uanzie kwa dereva anayesubiri zamu ya mizani pale Mlolongo, au kwa wakala wa mauzo aliye Eldoret. Hao ndio wanaotumia pesa. Katika kampuni nyingi hutoa kwanza mfukoni mwao, kisha wakadai. Mtu wa mshahara mdogo anamkopesha mwajiri wake bila riba, anangoja wiki tatu, halafu anaambiwa risiti yake haifai. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kampuni yenye faida kuendelea nalo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote ni hili: tangu dereva awasilishe dai mpaka pesa ziingie kwenye simu yake, ni hatua ngapi na ni nani anayeweza kuzikwamisha?

La pili ni eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na hapa sharti tukae kidogo. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kufuatia Sheria ya Fedha ya 2023, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi katika kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa kama mishahara, riba na tiketi za ndege za abiria. Tuseme gari limenunuliwa vipuri vya shilingi 11,600, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT, ikikosa ankara halali yenye PIN yake, yaani namba yake ya mlipakodi, haiwezi kudai zile 1,600. Na zile 10,000 zilizobaki haziondolewi kwenye faida, kwa hiyo kwa kodi ya asilimia 30 inalipa 3,000 zaidi. Shilingi 4,600 zimekwenda kwa sababu dereva hakujua kutaja PIN ya kampuni dukani.

Programu inayofaa humwonyesha dereva PIN hiyo kabla hajalipa, na husoma msimbo wa QR wa ankara papo hapo, akiwa bado mbele ya mwenye duka. Kugundua kasoro wiki mbili baadaye ofisini hakumsaidii mtu. Programu nyingi za ng'ambo zina uwezo mkubwa wa kusoma picha za risiti, na nausifu uwezo huo, lakini picha safi ya risiti isiyo ya eTIMS haitakuokoa siku ya ukaguzi.

Kisha kuna wale wasio na risiti kabisa: mtu wa boda, vijana wa kupakua magunia, mkulima anayekuuzia mahindi shambani. Tangu mwishoni mwa 2024 sheria inataka mnunuzi mwenyewe atoe ankara kwa niaba ya mkulima mdogo au mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kampuni inayonunua mazao iulize mapema kama programu inaliweza hilo. Nyingi zimetengenezwa mahali ambapo kila muuzaji ana mashine ya kadi.

Kuhusu M-Pesa nitasema kwa ufupi. Pesa zetu hutembea humo, si kwenye kadi ya kampuni. Programu inayomtaka mhasibu anakili kwa mkono ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi haijamwondolea kazi yoyote. Safaricom ina Daraja, mlango unaoziwezesha programu nyingine kuunganishwa na M-Pesa, hivyo muuzaji asikwambie haiwezekani.

Bei nayo ina mtego wake. Wengi hutoza kwa kila mtumiaji, kwa dola, kila mwezi. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Bajeti ya kampuni changa isiyumbishwe hivyo. Lakini kibaya zaidi ni kule kutoza kwa kichwa: kampuni ikiongeza madereva, bosi anaona gharama, anaamuru watu wanne watumie neno la siri moja. Tangu siku hiyo hujui tena nani alitumia nini, na pesa zikipotea atashukiwa asiyehusika. Bora ulipe zaidi kwa mpango usiohesabu vichwa.

Kabla ya kusaini, wape programu madereva wawili waitumie safari ya kweli hadi Malaba, kwa simu zao za kawaida, mahali ambapo mtandao unakatika. Wasikilizwe kuliko meneja wa fedha.

Halafu uliza kuhusu kuondoka. Sheria ya Taratibu za Kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, na huenda mkataba wako na muuzaji usifike hapo. Mtake apakue ankara zote mbele yako, kila moja ikiwa na jina la aliyelipa na aliyeidhinisha. Akishindwa, usitie sahihi.