Kwa Nini Upo Chuoni? Toa Rejea Tano

Mhadhiri wetu wa stadi za mawasiliano katupa kazi: "Eleza kwa nini upo chuoni." Kurasa mbili, Times New Roman, fonti 12, rejea zisizopungua tano, zipangwe kwa mtindo wa APA, ule wa kuorodhesha vitabu ulivyovitumia. Rejea tano! Yaani sababu za mimi kuwa hapa awe keshaziandika mtu mwingine, tena kitabu kiwe na mwaka na mchapishaji.

Haya, nimekaa kimbwetani, kwenye benchi la nje la kusomea, tangu jua kali, sasa hivi mbu wameshaingia zamu, karatasi ina jina langu na namba ya usajili tu.

Ningesema ukweli ningemaliza kwa mistari mitatu. Mimi niliomba Sheria. Nikaomba na Uhasibu. Ununuzi na Ugavi nilijaza kwa sababu fomu ilikuwa imebakiza nafasi na yule jamaa wa intaneti kafe alishaanza kuzima kompyuta. Majina ya awamu ya pili yakatoka: Ununuzi na Ugavi. Kijijini mpaka leo wananipa pole. Baba mdogo aliniuliza, "Kwa hiyo kununua nako kunasomewa?" Nikamwambia ndiyo, miaka mitatu. Akamtazama mama mkubwa, ambaye akienda gulioni huishusha bei ya nyanya mpaka muuzaji mwenyewe anamwomba msamaha, kisha akaniambia, "Basi huyu ni profesa."

Sababu nzito anayo mama. Aliuza mbuzi nipate nauli na pesa ya kuanzia, akasema, "Nenda, usije ukateseka kama mimi." Hapo kuna cha kuandika! Nikakimbilia mwongozo wa APA kuona mama anaandikwaje. Unajua wanasemaje? Mazungumzo binafsi yatajwe humo humo ndani ya insha, kwenye orodha ya rejea yasionekane. Sawa. Mbuzi wameuzwa, mama orodhani hayumo. Ila mzungu mmoja aliyeandika juu ya "motisha ya mwanafunzi", ambaye zizi letu halijui liko upande gani wa nyumba, huyo anaingia, na herufi za mwanzo za majina yake yote.

Nikasema nimweke Mwalimu Nyerere, maana huyo hakuna mhadhiri wa kumkata. Mwalimu alisema anayepata elimu ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asipokileta, ni msaliti. Maneno mazito kabisa. Tatizo ni kwamba kijiji changu hakina subira. Mimi ndiyo kwanza natafuna, wao wanapiga simu kuuliza mzigo umefika wapi. Shangazi anataka bati. Binamu anataka "kamtaji". Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mwanafunzi, likichelewa mimi nalala na uji, likitoka wao wanajua kabla yangu. Sijui nani anawaambia! Shilingi 10,000 kwa siku, humo humo kula na pango, halafu mtu anakupigia saa mbili asubuhi, "Mwanetu, tumesikia serikali imekukumbuka."

Kunikumbuka gani! Ule ni mkopo. Siku nikiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara, kabla hata shangazi hajauliza bati. Nikimweleza shangazi hivyo, anasema chuo kimenifundisha uchoyo.

Na chumbani tunabebana. Kitanda ni cha mwenzangu kisheria, mimi nipo kwa hisani, nikijigeuza naomba ruhusa. Sasa mtu wa namna hiyo unamuuliza kwa nini yupo chuoni? Muulize kwanza yupo upande gani wa godoro.

Saa moja usiku nikaenda steshenari kununua karatasi nyingine. Yule dada wa kutoa kopi akanitazama usoni akasema, "Wewe ni wa ile ya kwa nini upo chuoni?" Nikaitikia. Akavuta droo. Desa lipo! Insha ya mtu wa mwaka jana, rejea saba, imepata A. Watu wamekwishalichukua nusu darasa. Nikalisoma hapo hapo nimesimama, nikataka kulia. Jamaa ana sababu nzuri, zimepangika, mpaka mimi mwenyewe nikaona kumbe chuo ni kitu cha maana.

Nimelichukua, nimebadilisha jina. Kasoro moja tu: mwenye desa alikuwa anasoma uuguzi, na aya ya tatu yote anazungumzia wodi ya wazazi. Kwa hiyo palipoandikwa "mtoto" nimeweka "zabuni". Kesho asubuhi nakusanya, nimeandika kwamba tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuona kila zabuni ya Tanzania inazaliwa salama, inalia, na inanyonya ndani ya saa moja.