Mtoto wa oksijeni: abaki wodini ama arudi kwao Likoni?

Juzi kulikuwa na ubishi kwetu mpaka chai ikapoa. Mtoto wa dadangu alizaliwa wiki ya 27, hata kilo moja hakufika, na sasa ana miezi mitatu na siku kadhaa wodini, ananyonya vizuri, uzito unapanda, ila bado ana kile kimpira puani cha oksijeni kidogo. Dakitari akasema mamake akiwa tayari anaweza kwenda naye nyumbani na mashine. Mama mkwe wa dadangu akakataa katakata, mtoto wa mipira puani ni mgonjwa, na mgonjwa mahali pake hospitali. Dadangu naye kachoka kulala kwa kiti. Halafu mjomba akatoa yake ya tatu, eti mtoeni tu hiyo oksijeni azoee.

Ya mjomba nianze nayo manake ni fupi. Huu ugonjwa wa mapafu ya watoto njiti, madakitari wanauita bronchopulmonary dysplasia (BPD), si pumu na si nimonia iliyokataa kuisha. Mtoto akizaliwa mapema hivyo vile vifuko vya hewa kwenye mapafu havijakamilika, na ule utelezi wa ndani unaozuia visigandane hautoshi, kwa hivyo anapewa oksijeni na kusukumiwa hewa na mashine, na hiyo oksijeni na hiyo presha ndizo zinazomweka hai na pia ndizo zinazomuumiza mapafu, maambukizi yakiingia hapo juu ndio kabisa. Dakitari Mmarekani William Northway na wenzake ndio waliueleza mwaka 1967. Siku hizi mtoto akifika wiki ya 36 ukihesabu na za tumboni, na bado anataka oksijeni, basi anahesabiwa anao. Sasa mjomba anaposema ikatwe, kuna ukweli ndani yake kwa vile oksijeni nyingi inaumiza, hata macho ya njiti, ila hilo limeshapimwa: njiti waliowekwa kwa asilimia 85 hadi 89 ya oksijeni kwenye damu macho yao hayakuumia sana kama ya wale wa 91 hadi 95, lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi. Inapunguzwa polepole huku anapimwa, haikatwi kwa kuamua tu sebuleni.

Mama mkwe mimi namuelewa, na sio woga tu. Mashine ya oksijeni inavuta hewa ya chumbani na kuichuja, inakula stima kama wati 300 saa zote, na stima za kwetu mnazijua, mara tokeni zimeisha saa tisa usiku, mara mtaa mzima giza. Wodini kukiwa hivyo kuna jenereta na nesi yuko macho. Na kutoka Likoni na mtoto anayebadilika rangi ya midomo usiku ule unasubiri feri ya kuvuka kwenda hospitali Mombasa, barabara ya Dongo Kundu ipo ndio lakini ni mzunguko, utafika lini?

Lakini wodi nayo si pepo. Watoto wamebanana, mmoja akikohoa wote wanakohoa, na mapafu kama haya mafua ya kawaida tu yanaweza kumrudisha kwenye mashine kubwa. Bili kila siku inaongezeka. Halafu dawa yenyewe ya huu ugonjwa, ukiondoa zile za kusaidia, ni kukua: vifuko vipya vya hewa vinaendelea kuota sana sana miaka miwili mitatu ya mwanzo, na mtoto anakua akishiba, akilala, akibebwa na mamake kifuani, sio chini ya taa isiyozimwa. Hesabu ya stima pia inafanyika. Mtungi wa lita 680, mtoto akitumia robo lita kwa dakika, unafika saa 45. Ukiwa nao mmoja kando umejaa, giza la usiku mmoja halikutishi sana.

Kwa hivyo mimi niko upande wa dadangu, lakini kuna kitu hakuna aliyekitaja siku ile na kwangu ndicho kizito kuliko stima. Nyumba ile ni ya udi. Mzazi akirudi ndani ya arobaini ama hata baada yake atafukizwa, nguo za mtoto zitafukizwa, wageni wataingia na marashi yao na mafua yao kila mmoja anataka kumshika, jioni jiko la makaa liko mlangoni na usiku dawa ya mbu inawashwa chini ya kitanda. Moshi huo kwa haya mapafu ni balaa. Na oksijeni inachochea moto, sasa chukua chetezo chenye makaa mekundu ukiweke karibu na mpira unaovuja oksijeni, si moshi tena hapo. Ukiniuliza kati ya wodi iliyobanana na chumba kilichojaa moshi, nitamwacha wodini.

Nilimwambia mama mkwe kwa adabu, mama, udi tutafukiza nguo zako wewe, uani. Alinyamaza kidogo akasema sawa mwanangu. Mtungi tumeshaukodi, kipimo cha oksijeni ya damu cha kubana mguuni kipo, dadangu amefundishwa kukisoma na kubadilisha mpira, inshallah Alhamisi wanatoka. Chetezo kilihamishiwa uani siku hiyo hiyo. Jana nimepita pale nikakikuta kimerudi chini ya ngazi, nikakigusa, bado cha moto.