Kileleni mteja si mfalme

Desemba ikikaribia, magrupu ya WhatsApp hapa Moshi hujaa matangazo ya kupanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, tarehe 9 uwe juu. Safari zenyewe nazipenda. Ni raha kuona Watanzania wakiupanda mlima wao. Kinachonikera ni hilo neno "lazima tufike". Desemba vuli inaweza kuwa bado ipo, na mvua inayotulowesha huku mjini, kule Kibo na Barafu, kambi za mwisho kabla ya kilele, huweza kushuka ikiwa theluji, tena kwa upepo.

Safari ya kilele huanza karibu saa sita usiku. Baridi ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi huisikia kama nyuzi 22 chini ya sifuri. Halafu unamkuta mtu kavaa jinzi na fulana ya pamba iliyolowa jasho! Pamba ikishalowa haina joto tena. Pale soko la Memorial huku mjini, kwenye mitumba, ukichakura vizuri unapata sufu na koti la kuzuia upepo.

Anayetetemeka mwili wake bado unapigana. Wa kuogopwa ni yule aliyekuwa anatetemeka akaacha: ulimi mzito, vidole havishiki zipu, anajikwaa, na ukimuuliza anajibu "niko poa". Wengine hufika mahali wakahisi joto, wakaanza kuvua makoti. Mtu wa hivyo utamwachiaje aamue kama anaendelea?

Ndiyo maana nasema uamuzi wa kugeuza uwe wa mwongozaji peke yake, na yaishe huku huku mjini kabla hujalipa. Iulize kampuni: kundi likigeuzwa kwa sababu ya upepo, malipo ya waongozaji na wagumu, yaani wabeba mizigo, yanabaki vilevile? Wakianza kuzungukazunguka, tafuta wengine. Na wewe mpandaji, tipu usiifunge na kilele. Ukimwambia mwongozaji "nifikishe, nitakuona vizuri", umemnunua aipuuze dhoruba anayoiona.

Wagumu, waliobeba hadi kilo 20 kila mmoja, ndio wanaobaki kambini hema likipigwa na upepo. Hapo kishawishi ni kufunga zipu na kuwasha jiko ndani wapate joto. Hewa ya sumu ya jiko haina harufu. Inaua watu wamelala. Mwongozaji alikague na hema lao.

Kugeuza nako si lazima kuwe mwisho wa safari. Upepo ukitulia, kundi linaweza kujaribu tena, mradi ratiba ina siku ya ziada. Bahati mbaya siku hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa bei ikishushwa. Ukiona tangazo la njia ya Marangu kwa siku 5, uliza ya siku 6 ni shilingi ngapi.