Yuro za Ng'ombe

Ushirika wetu wa maziwa, huku miteremko ya Kilimanjaro, ulinunua programu mpya ya hesabu. Vijana wa kampuni wakaja, wakatoa majedwali kwenye kanzidata ya zamani, wakayapakia kwenye mpya, wakanywa mtindi wetu bila kulipa, wakaondoka. Kesho yake risiti ya kwanza ikatoka hivi:

Mfugaji wa ngâ€™ombe 2.

Mimi karani nikadhani printa imelewa. Mwenye risiti, mzee aliyewabebea watalii mizigo mlimani miaka mingi, akaisogeza hadi puani.

"Mwanangu, hii si alama ya yuro?"

Ilikuwa ya yuro kweli.

"Kumbe wafadhili wanaleta yuro, nyie mnatugawia shilingi!"

Nikajaribu kueleza. Karani aliyenitangulia alinakili taarifa za wanachama kutoka Word, na Word huikunja ile koma ya juu. Koma iliyokunjwa, kwa UTF-8 (usimbaji, yaani kanuni ya kompyuta ya kugeuza herufi kuwa namba), ni baiti 3, yaani namba 3 ndogo: E2, 80, 99. Programu mpya ikaambiwa inasoma Windows-1252, usimbaji mwingine, ambako kila baiti ni herufi inayojitegemea: ya kwanza â, ya pili €, ya tatu ™. Mzee akanitazama kama mtu aliyekamatwa na kuku kwapani, akieleza jinsi kuku anavyotaga.

Mara jirani yake akapokea risiti safi. Huyo taarifa zake niliziandika mwenyewe kwa koma iliyonyooka, ambayo haibadiliki kwenye usimbaji wowote kati ya hizo mbili.

"Ala! Mwenzangu ana yuro, mimi sina?"

Foleni ikavunjika. Mama mmoja akataka tofauti yake tangu mwaka jana.

Nikawapigia wale vijana. Wakasema ni jambo dogo, wakayatoa majedwali na kuyapakia upya, kwa mipangilio ileile! Alama 3 zikazaa 8:

Mfugaji wa ngÃ¢â‚¬â„¢ombe 2.

Yuro haipo. Badala yake, alama mbili za senti.

"Jana yuro, leo senti!" mzee akanguruma. "Nani kazibadilisha usiku?"

Mweka hazina akajifungia stoo ya madumu.

Mwishowe vijana wakarudisha nakala ya akiba, wakataja UTF-8 wakati wa kutoa na wakati wa kupakia. Ng'ombe wakarudi wazima. Nikampelekea mzee risiti yake mwenyewe, shikamoo mbele. Akaisoma pande zote mbili, hata ule mtupu.

"Marahaba. Kwa hiyo sasa mmefuta na ushahidi."