Waliokuwa na meli kubwa ndio walioishiwa samaki

Ndugu zangu walioko Pemba hawachoki kuniuliza ni lini na sisi tutapata meli kubwa za uvuvi kama za huku Kanada. Swali lao ni la haki, maana mwenye ngalawa hawezi kwenda mbali, lakini anayeishi Newfoundland, kama mimi, hawezi kulijibu bila kusitasita.

Bahari ya huku ilisifika kwa karne nyingi kwa samaki aitwaye cod. Mwaka 1968 meli za kukokota nyavu, nyingi zikiwa za Ulaya, zilivua takriban tani 800,000 za samaki huyo. Kanada ilipojitangazia mamlaka juu ya uvuvi hadi maili 200 kutoka pwani yake mwaka 1977, meli za kigeni ziliondolewa kwa sehemu kubwa, kisha Wakanada wakaziba pengo kwa meli zao wenyewe za aina ileile. Walikuwa na wataalamu na kiwango cha uvuvi kilichopangwa kila mwaka, ila makadirio yao yalizidi ukweli, kwa kuwa samaki waliosalia walijikusanya pamoja na meli zikaendelea kujaza nyavu kama kwamba hakuna kilichopungua. Wavuvi wa boti ndogo walilalamika mapema kuwa samaki wanapungua na wanakuja wadogo, wala hawakusikilizwa ipasavyo. Julai 1992 uvuvi huo ulisimamishwa kwa miaka miwili. Marufuku ikadumu hadi 2024, na watu wapatao 30,000 walipoteza kazi.

Sasa tazama Kisiwa Panza, kule kwetu Pemba, ambako wanakijiji wenyewe hufunga sehemu ya miamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha huifungua. Pweza hukua upesi, hivyo aliyevumilia huyaona matunda ya subira yake msimu uleule, jambo ambalo mvuvi wa cod, samaki anayechukua miaka mingi kupevuka, hakuweza kuahidiwa.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba pweza ni kipimo cha bahari yote. Kasa huchukua miongo kadhaa kabla ya kutaga, papa huzaa kwa nadra, na nguva sasa ni adimu mno. Wote hawa hunaswa katika jarife, yaani wavu wa matundu makubwa, na kufunga mwamba kwa miezi mitatu hakuwasaidii chochote. Hao wanahitaji nyavu ziondolewe kabisa katika njia na malisho yao, na anayeacha jarife lake apewe namna nyingine ya kuvua.

Kama kuna kitu cha kuiga huku, basi ni ile desturi ya sasa ya kuandika kila samaki anayeshushwa, aina yake na uzito wake. Daftari hilo likae mikononi mwa kamati za wavuvi za shehia, lisomwe hadharani dikoni, na akina mama wanaochokoa pweza wakati wa bamvua waandikiwe chao sawa na wenye vyombo. Meli zinaweza kusubiri.