Kizuri Chajiuza? Wapambaji wa Madirisha ya Maduka ya Marekani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini L. Frank Baum, Mmarekani aliyekuja kuwa mwandishi wa The Wonderful Wizard of Oz, alikuwa na sababu ya kulitilia shaka neno hilo. Duka alilolifungua mjini Aberdeen, Dakota, mwaka 1888 lilifilisika kabla ya kutimiza miaka miwili. Mwaka 1897, akiwa Chicago, alianzisha jarida la wapambaji wa madirisha ya maduka, akafundisha kwamba bidhaa iliyorundikwa tu nyuma ya kioo haimsimamishi mpita njia, na kwamba kazi ya mpambaji ni kumtia mtu hamu ya kuwa nayo.

Mbinu mojawapo aliyoieleza ni hii: dirishani anaonekana msichana, mtu hai, kuanzia kiunoni kwenda juu, kana kwamba ameota kwenye nguzo fupi. Mara anadidimia ndani ya nguzo hiyo na kutoweka, kisha anaibuka akiwa na kofia nyingine kichwani.

Huo ni ufundi wa jukwaani, na haukuwa na kiingilio. Hapo ndipo watetezi wa madirisha wanapopata hoja yao nzito. Duka la Macy's la New York lilipopanga wanasesere wa kauri dirishani kwa ajili ya Krismasi ya 1874, asiye na senti aliweza kusimama na kutazama sawa na tajiri.

Hata hivyo, kutazama bure ndiko kulikokuwa chambo, na wenye maduka walilijua hilo. Marshall Field's ya Chicago ilishusha mapazia madirishani kila Jumapili kwa kuiheshimu siku ya ibada. Mtu hafuniki kitu anachoamini hakina nguvu juu ya moyo.

Kwa maoni yangu, sanaa ile ilikuwa ya kweli, ila haikuwa huru, na hilo lilidhihirika mwaka 1939 katika duka la Bonwit Teller, New York. Mchoraji Mhispania Salvador Dalí alipamba dirisha akaweka humo beseni la kuogea lililotandikwa manyoya ya kondoo. Wapita njia walilalamika, na duka likabadilisha masanamu ya watu aliyoyaweka humo bila kumwarifu. Aliporudi na kuona kazi yake imechezewa, aliingia dirishani kwa hasira, akalivuta beseni hadi likapasua kioo na kuangukia barabarani, naye akakamatwa na polisi. Wazo lilikuwa lake, lakini kioo, beseni na dirisha lenyewe vilikuwa mali ya duka.